Sweta la mama lililopiga kelele kanisani

Jumapili moja ya Januari, kanisani kwetu Mgeta, mama yangu alisikia joto. Si jambo la kawaida. Mgeta iko juu kwenye milima ya Uluguru, na asubuhi kule mtu huvaa sweta hata kama Morogoro mjini watu wanajipepea kwa magazeti. Ila siku hiyo kanisa lilikuwa limejaa hadi mlangoni, watoto wamepakatwa wawili wawili, na jua limeshapanda. Padre alikuwa ameinua hostia. Kengele ndogo ililia, ikanyamaza. Watu wote chini kwa magoti, hakuna hata anayekohoa. Mama hapigi magoti tena kwa sababu ya mguu, kwa hiyo alikuwa amekaa kwenye benchi. Akapeleka mkono wa kushoto kifuani, akashika ukingo wa sweta, akavuta.

Kwaraaaaaa.

Vichwa vya benchi tatu za mbele viligeuka. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa. Mama hakumwangalia mtu mwingine yeyote. Aliniangalia mimi, na kwa macho yale nilijua kwamba chakula cha mchana kitakuwa na mahubiri ya pili.

Alikuwa na haki. Sweta lile nililirekebisha mimi. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Morogoro mjini, mwaka wa kumi na saba huu. Mama alipopata kiharusi, mkono wa kulia ulibaki kama umekopwa: upo, lakini haumsikilizi. Usemi wake ulirudi baada ya wiki chache, mguu ukarudi nusu, mkono ukagoma. Kilichomuumiza zaidi hakikuwa jembe wala sufuria. Kilikuwa vifungo.

Kama una mikono miwili mizima, huenda hujawahi kufikiria kifungo. Hebu kaa chini ujaribu kufunga kimoja kwa mkono wa kushoto peke yake. Kidole cha kati kinatakiwa kuzuia ukingo wenye tundu usikimbie. Gumba linasukuma kifungo kwa ubavu, kikisimama wima kama sarafu. Kidole cha shahada kinakisubiri upande wa pili, na hapo ndipo kitambaa kinapokunjamana na kifungo kinalala chali. Unaanza upya. Sweta la mama lilikuwa na vifungo saba. Nilimtazama siku moja akimaliza viwili, akaacha, akajifunika khanga juu yake na kusema hasikii baridi. Alikuwa anatetemeka.

Basi nikafumua vile vifungo saba, nikashona velkro kuanzia shingoni hadi chini, kipande kimoja kirefu kila upande. Wateja wangu wengi huiita "ile ya kunata". Niliona nimefanya jambo la maana sana. Mama alijifunga mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano, akanibariki. Kisha ikaja Jumapili ile.

Tulipofika nyumbani alikaa barazani, akanyoosha mguu, akaanza.

"Hiki kitu ulikitoa wapi?"

"Dukani, mama."

"Kinalia kama mtu anachana shuka la jirani. Nani alikaa akafikiria kitu kama hiki?"

Nikamwambia kwamba aliyekifikiria alikuwa Mswisi mmoja, George de Mestral, mhandisi. Mwaka 1941 alitoka kuwinda na mbwa wake huko milimani kwao. Waliporudi, manyoya ya mbwa na suruali yake vilikuwa vimejaa matunda ya magugu yanayong'ang'ania. Mtu mwingine angeyabandua huku akitukana. Yeye alichukua moja akaliweka kwenye hadubini, akaona kila mwiba umejikunja nchani kama kulabu, na kila kulabu imekamata kitanzi kidogo cha nyuzi au cha nywele.

Mama alicheka hadi akashika ubavu. "Kwa hiyo mzungu alishikwa na kishona nguo akapata utajiri? Mimi nimeshikwa miaka sabini, mbona sijapata hata baiskeli?"

Hapo ndipo hadithi iliponinogea na mimi, maana pindo la gauni langu lilikuwa na kishona nguo kumi na kitu, nilizozoa njiani tukitoka kanisani. Kila mtu aliyepita shambani anazijua: vijiti vyeusi, vyembamba, urefu kama sentimita moja, vinakaa kwa mafungu yaliyotawanyika kama vidole vya mkono. Jina lake la kitaalamu ni Bidens pilosa, na hilo Bidens ni Kilatini, maana yake meno mawili. Sisi tumeliita kwa kazi yake. Hakuna jina la mmea linalonifurahisha kama hilo, mimi mshona nguo. Ajabu ni kwamba si mzaliwa wa huku. Asili yake ni Amerika ya joto, akavuka bahari, na bila shaka sehemu ya safari hiyo aliifanya kwenye pindo la mtu.

Nilichomoa kimoja nikakiweka kwenye kiganja cha mama, nikawasha kamera ya simu nikaikuza mpaka mwisho. Nchani kuna miiba miwili au mitatu ya rangi ya manjano. Ukitazama vizuri kila mwiba una vijino vidogo vinavyoelekea nyuma, kuelekea kwenye mbegu. Umbo hilo watu wa pwani wanalijua: ni chusa, ule mkuki wa wavuvi. Kinaingia kwa urahisi, na ukikivuta kurudi vile vijino vinakamata. Ndiyo maana huwezi kubandua kishona nguo; unakichomoa kimoja kimoja, au unavunja mwiba ukabaki ndani ya kitambaa ukikuchoma hadi nguo ifuliwe mara tatu.

Tunda lililomshika de Mestral ni la mmea wa Ulaya ambao wataalamu huuita Arctium. Ni ndugu na kishona nguo kabisa, wote ni ukoo mmoja na alizeti. Ila ndugu hawa hawakufundishwa kazi na mwalimu mmoja. Lile la Ulaya ni kiduara kama kidonge, limezungukwa na miiba iliyojikunja mwishoni, laini, bila vijino. Ukilivuta kwa nguvu, kulabu inajinyoosha, inaachia kitanzi, kisha inarudi kwenye umbo lake. Inashika tena.

Nadhani bahati yote ya de Mestral ilikuwa hapo. Kama mbwa wake angepita shamba la mama yangu Mgeta, leo tusingekuwa na velkro. Tungekuwa na nguo zinazofungwa mara moja tu, mpaka kufa. Wateja wakija kibandani wanauliza, "Fundi, hii itashika?" Karibu hakuna anayeuliza itaachiaje. Mmea nao hauna haja ya kuuliza. Mbegu inataka kusafiri, na ikishapanda mgongoni mwa mbwa, habari ya kushuka ni ya mbwa. Nguo ni kitu kingine. Nguo unaifungua usiku ukiwa na usingizi, unaifungua haraka mtoto anapotaka kujisaidia, unaifungua kwa mkono mmoja. Na unaifungua kanisani.

Safari ya kutoka kwenye lile tunda hadi kwenye kanda ninayonunua kwa mita ilimchukua mtu huyu zaidi ya miaka kumi. Alipeleka wazo kwa wafumaji wa Lyon, Ufaransa, mji wa vitambaa toka zamani, na wengi wakamwona kichaa. Mmoja alikubali kumfumia kwa pamba. Ilishika, lakini pamba ikachakaa upesi. Akahamia nailoni, iliyokuwa ngeni wakati huo, na hapo kukawa na mambo mawili ya kutatua. Kwanza, vitanzi vya nailoni vilikuwa laini mno kugeuka kulabu. Akagundua kwamba vikipitishwa kwenye joto la taa za infraredi vinakakamaa na kushika umbo. Pili, kitanzi ni kitanzi tu mpaka ukikate upande mmoja, mahali palepale panapotakiwa, ndipo kinakuwa kulabu. Kukata maelfu ya vitanzi vidogo namna hiyo kwa mashine ndiko kulikokaribia kumshinda. Inasemwa jibu alilipata kwenye mashine ya kunyolea nywele. Jina alilitunga kutoka maneno mawili ya Kifaransa, velours, yaani mahameli, na crochet, yaani kulabu. Mahameli yenye kulabu. Akapewa hataza, yaani haki ya mbunifu peke yake, mwaka 1955. Ilipoisha muda mwaka 1978 viwanda vingine duniani vikaruhusiwa kutengeneza, na ndiyo sababu leo nanunua kanda isiyo na jina lolote, ya rangi yoyote, kwa bei ya soda.

Kuna watu wanaamini velkro ilibuniwa na wanaanga wa Marekani. Hapana. Waliitumia sana, maana kwenye chombo cha Apollo kila kitu kisichofungwa kinaelea, na sifa zikawaangukia wao.

Lile jambo la joto nililijua kwa hasara kabla sijalisoma popote. Nilikuwa nimemaliza koti la mtoto, kitambaa kizuri cha bluu, velkro shingoni. Nikataka kulipiga pasi ya mwisho kabla mama yake hajafika. Pasi yangu ni ya mkaa, haina kipimo, kipimo ni mate ya kidole. Nilipita juu ya upande wenye kulabu sekunde moja, labda mbili. Nilipoinua pasi, kulabu zote zilikuwa zimelala na kung'aa kama njia ya konokono. Hazikushika tena kitu. Joto ndilo lililozikunja kiwandani na joto ndilo lililozinyoosha mezani kwangu. Nilifumua, nikashona nyingine, mteja akasubiri nje akiwa amenuna.

Na kwa kuwa nimeanza kuungama, niseme makosa mengine. Velkro inakula nyuzi. Ukiifua ikiwa wazi, upande wa kulabu unakusanya kila unyoya uliomo kwenye beseni, na baada ya mwezi unakuwa kama brashi ya mbwa. Ifunge kabla hujaifua. Nilikuwa namwambia kila mteja hivyo, na sweta la mama mwenyewe nikasahau kulisemea. Isitoshe sweta lile ni la sufu, la mtumba lakini sufu kweli, na sufu ni vitanzi vitupu. Kulabu zilikuwa hazisubiri upande wao wa mahameli; zilishika mkono wa sweta, zilishika khanga, siku moja zilishika rozari. Nilipolikagua barazani siku ile, upande wa kushoto ulikuwa umevutwa nyuzi kama paka amelichezea.

Mama alisema, "Kwa hiyo ulinishonea magugu."

Sikuwa na jibu.

Jioni yake tulichinja kuku. Mjukuu alikuwa anaondoka kwenda shule ya bweni, na kwetu mtoto haondoki kwa mboga za majani. Wakati nanyonyoa, mama alichukua unyoya mmoja mrefu wa bawa akawa anauchezea kwa mkono wake mzima: anaupasua katikati kwa ukucha, kisha anaupitisha kati ya gumba na kidole cha shahada kutoka chini kwenda juu, na ule mpasuko unatoweka. Anaupasua tena, anaufunga tena. Tulikuwa tunafanya hivyo utotoni bila kujiuliza. Siku ile nilisimama na kuku mkononi, maji ya moto yakipoa.

Unyoya ni zipu. Kutoka kwenye uti wa katikati yanatoka matawi mengi yaliyolala sambamba, na kila tawi lina vitawi vidogo pande mbili. Vitawi vya upande mmoja vina kulabu ndogo sana, vya upande wa pili vina ukingo wa kushikwa. Upepo au tawi la mti likiupasua unyoya, ndege anaupitisha mdomoni na kulabu zinakamata upya. Kuku unayemwona asubuhi anajichokonoa mabawa kwa mdomo hajikuni tu, anafunga zipu.

Sisemi kwamba zipu ya chuma iliigwa kwa ndege. Mmarekani Whitcomb Judson, aliyepata hataza mwaka 1893, alikuwa anafikiria viatu, na kifaa chake kilikuwa kikifumuka ovyo. Aliyekinyoosha ni Gideon Sundback, mzaliwa wa Uswidi, aliyepanga meno yale tunayoyajua leo na kupata hataza mwaka 1917. Ni binadamu na ndege kufika mahali pamoja kwa njia mbili. Lakini zipu ya binadamu ikivunjika jino moja umepoteza suruali, wakati unyoya ukipoteza kulabu mia moja kuku hata hajui.

Kilichonifanya nisilale usiku ule ni kingine, nilichokisoma kwenye simu nikiwa nimelala chumba cha wageni, mtandao ukija na kuondoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, David Lentink na wenzake, walichapisha mwaka 2020 kwenye jarida la Science kazi waliyoifanya kwa mabawa ya njiwa. Walitaka kujua kwa nini njiwa akitandaza bawa, manyoya hayaachani na kubakiza mianya. Wakakuta kwamba pale unyoya mmoja unapolalia mwingine kuna vijikulabu vidogo sana vinavyofanya kazi upande mmoja tu. Bawa likitanuka, vinakamata, manyoya hayatelezi zaidi. Bawa likikunjwa, vinaachia vyenyewe. Hakuna wa kubandua. Mwendo uleule wa kufunga bawa ndio unaofungua kulabu.

Na wakasema, manyoya hayo yakitenganishwa yanatoa sauti kama ya velkro.

Niliinuka nikakaa kitandani. Sauti! Njiwa naye ana kwaraa. Halafu nikasoma mbele: ndege wanaoruka kimyakimya, kama bundi, hawana vijikulabu hivyo. Bundi anawinda panya usiku, panya ana masikio, kwa hiyo bundi anaruka bila kile kifungo, na mianya kati ya manyoya yake anaivumilia.

Asubuhi nikamwamkia, "Shikamoo mama," na kabla hajamaliza marahaba nikamweleza habari za bundi.

"Usinitajie huyo ndege nyumbani kwangu asubuhi asubuhi," alisema. Kisha baada ya kunywa uji kidogo: "Kwa hiyo akitaka kimya analala na baridi?"

Kwa kifupi ndiyo. Na jibu hilo lilinisaidia kuliko kurasa zote nilizosoma, maana nilikuwa nimeanza kutafuta kifungo kinachoshika kama velkro, kinachofunguka kama velkro, kisicho na sauti yoyote. Kile kimlio si kasoro ya kiwanda. Ni kulabu zinaachia moja baada ya nyingine, mamia kwa mamia, na kitambaa kinatetemeka kama ngozi ya ngoma. Kadiri kipande kilivyo kirefu, ndivyo ngoma ilivyo kubwa. Jeshi la Marekani lilijifunza hilo kwa gharama kubwa kuliko mimi: sare yao ya mwaka 2004 ilijaa velkro, askari wakalalamika kwamba inajaa vumbi na inapiga kelele, na baadaye mifuko ya mapajani ikarudishiwa vifungo. Mama alipenda sana kusikia hivyo. Hakuwa peke yake.

Nilirudi mjini na sweta ndani ya mfuko wa rambo. Wiki nzima niliwatazama wadudu kama mtu aliyerukwa na akili. Nyuki, kwa mfano. Ana mabawa manne, lakini akiruka yanafanya kazi kama mawili, kwa sababu ukingo wa mbele wa bawa la nyuma una mstari wa kulabu kama ishirini zinazojipachika kwenye mkunjo wa bawa la mbele. Nilijaribu kuiga: nikashona kulabu sita za suruali kwa mstari, upande wa pili nikaviringisha ukingo kwa uzi mnene. Juu ya meza ilipendeza. Nilipomvalisha mwanafunzi wangu nikamwambia atumie mkono mmoja, alifanikiwa kufunga zote sita na akashindwa kufungua hata moja. Kereng'ende naye ana lake: akitua anafunga kichwa chake kwenye shingo kwa vinyweleo vya pande mbili vinavyoingiliana, kisichwa kile kikubwa kisiyumbeyumbe. Kuna kanda za plastiki zenye vichwa kama uyoga pande zote mbili zinazoshikana kwa namna hiyo. Zinashika kwelikweli, na zinataka nguvu ya kuzibonyeza ambayo mama hana.

Mteja mmoja aliniuliza kuhusu mjusi kafiri, maana kibandani kwangu hakosekani mmoja ukutani karibu na taa. Unyayo wake hauna gundi wala hewa ya kunyonya. Una vinyweleo, kila kinyweleo kimegawanyika nchani mara mamia, vidogo mno kiasi kwamba vinakaribia uso wa ukuta na kushikwa na zile nguvu hafifu zilizopo kati ya chembe na chembe. Akitaka kuondoa mguu anabadili pembe tu. Kwa kufungua, huyu ni bingwa wa wote. Wamarekani wa Massachusetts walitengeneza kanda kwa fikra hiyo, wakaitangaza mwaka 2012: kipande cha ukubwa wa kadi ya kuandikia kinabeba karibu kilo 300 kwenye kioo. Kwenye kioo. Siku watakaponiletea mteja aliyevaa kioo nitaagiza mita kumi.

(Wengine wakisikia "vifungo vya asili" wananiletea vya kifuu cha nazi na vya kombe. Vizuri, ninavyo na ninavipenda, hasa vya kifuu kwenye kanzu za kitani. Lakini kifuu kimetoa mwili wake tu. Kifungo bado ni kilekile, na tundu ni lilelile lililomshinda mama.)

Mwishowe nilifanya kitu kidogo sana, karibu nione aibu kukiandika. Nilifumua ile kanda ndefu yote. Nikakata vipande vitano vya mviringo, kila kimoja ukubwa wa ukucha wa gumba. Nikaweka gamu, kile kitambaa cha kukakamaza, nyuma ya ukingo wa sweta ili sufu isivutike, nikashona bitana nyembamba juu yake, kisha vile vipande juu ya bitana. Upande laini nikauweka ukingo wa juu unaogusa mkono na khanga, upande wa kulabu ukaangalia nje kwenye ukingo wa chini, mahali unapofunikwa. Na nikapanga vizuri mwelekeo wa nguvu. Velkro ina siri ambayo kila fundi anapaswa kuijua: ukiivuta kwa kuitelezesha sambamba ni ngumu mno, ukiibandua kutoka pembeni inaachia kama karatasi. Mama akipumua au akiinama, sweta linavuta sambamba, kwa hiyo vipande vitano vidogo vinatosha. Akitaka kufungua, anaingiza gumba chini ya ukingo na kukunjua. Hapo juu, kwa nje, nikarudisha vifungo vyake saba vya zamani, vimeshonwa vilivyo, havifungi chochote. Ni pambo. Hakutaka majirani wajue.

Nilipompelekea, alilivaa barazani, akafunga, akafungua. Tak. Tak. Tak. Tak. Tak. Kama mtu anayemenya karanga.

"Bado linaongea," alisema.

"Linanong'ona, mama."

"Linanong'ona." Alilijaribu tena, akiinamisha sikio. Kisha akapapasa vile vifungo vya uongo kimoja kimoja kutoka juu hadi chini, akavihesabu, vilitimia saba.

Jumapili iliyofuata nilikaa naye benchi lilelile. Jua likapanda, watoto wakaanza kulia, nikaona jasho juu ya mdomo wake. Mageuzo, pale padre anapoinua hostia, yakapita. Hakugusa sweta. Nikamwegemea nikamnong'oneza, afungue tu, hakuna atakayesikia. Akanikata jicho. Alikaa vile vile mpaka komunyo, mkono wa kushoto umetulia juu ya kifungo cha kwanza, na kwaya ilipoinuka na kayamba zikaanza, ndipo akafungua vyote vitano, haraka haraka, kwa mapigo.